Mbwa wa Miezi Minne na Siku Kumi

"Hivi Mama Shamimu, mbwa naye anakaa eda?"

Aliyeuliza ni jirani yangu Hiza, akiwa upande wa pili wa ua wa mabua, na hakuuliza kwa ubaya. Hiza hata msibani hutania, ndivyo alivyoumbwa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nyuma ya jiko nachambua choroko, sikumjibu, kwa sababu nilikuwa ndani ya eda na yeye si maharimu wangu. Aliyemjibu ni wifi yangu Swaumu, dada wa marehemu, aliyehamia kwangu ili nisikae peke yangu.

"Muulize mwenyewe. Si huyo hapo jivuni."

"Nimemuuliza, ananionyesha meno."

"Basi umeshajibiwa, nenda zako."

Kweli mbwa alikuwa pale, kwenye lundo la jivu tunalomwaga kila asubuhi, hatua kama kumi na tano kutoka nilipokaa. Alikuwa dume, rangi ya udongo mkavu, mbavu unazihesabu. Si wa mtu. Alitoka porini upande wa mashamba na alikuwa anarudi huko huko kila jua likizama. Ilikuwa siku ya ishirini na tatu tangu mume wangu Abdi azikwe. Siku hizo nilikuwa nazijua vizuri, sikuwa na kitu kingine cha kuhesabu.

Abdi alianguka shambani siku ya Jumatano, jembe mkononi. Walimpeleka Korogwe kwa gari la mkaa, na alifia hospitali kabla mimi sijafika. Binti yetu Shamimu, anayekaa Kilole, hapo hapo Korogwe, ndiye aliyemfumba macho. Tulimrudisha nyumbani Kang'ata, akazikwa baada ya alasiri. Mimi sikwenda makaburini, lakini niliambiwa yaliyosemwa. Shemeji yangu mkubwa, Mustapha, alisimama kabla watu hawajatawanyika akasema kama inavyosemwa: aliyekosewa na marehemu amsamehe, na asiyeweza kusamehe hapa aje nyumbani tuzungumze, maana Abdi huko alikokwenda hawezi tena kuomba radhi mwenyewe. Wakaja wawili. Mmoja Abdi alikuwa amemzibia njia ya kupita kisimani. Mwingine walitukanana zamani kwenye mnada wa ng'ombe wakaacha kusalimiana. Wote wakasema wamesamehe, wakanywa chai, wakaondoka. Nikamshukuru Mungu. Nikaona mume wangu amelala mwepesi.

Mbwa alikuja mara ya kwanza siku ya tisa. Swaumu alimrushia gunzi la muhindi, akakimbia, kesho yake akawa amerudi. Siku ya tatu ya kuja kwake ndipo nilipomtazama sawasawa, na nikaona kwa nini anabeba kichwa upande kama mtu mwenye shingo iliyokaza kwa baridi. Alikuwa na waya shingoni. Umeingia ndani ya nyama, manyoya yameoza pande zote, nzi wanamfuata. Kipande kilichobaki kilikuwa kinaning'inia chini ya kidevu, urefu wa kiganja, na mwisho wake kilikuwa na ganda la kijani.

Waya ule niliujua.

Mwaka juzi wakati wa vuli ngiri walitumalizia mahindi. Abdi alifungua waya za breki za baiskeli yake ya zamani, akazisokota kuwa mitego, na ganda la kijani akaliacha mwishoni ili waya usionekane kwenye majani. Alinikalisha uani hapa hapa. Mimi nilishika ncha moja, yeye akasokota upande wa pili. Tulitengeneza sita. Ngiri wawili wakanasa. Mtego mmoja ulikutwa umekatika, Abdi akasema ngiri mkubwa ameondoka nao. Hakuwa ngiri.

Siku hiyo nilikaa na tasbihi mkononi, naanza uradi, naupoteza, naanza tena. Wale watu wawili walikuja wakaombwa radhi kwa sababu wana midomo ya kusema na miguu ya kuja. Huyu naye alikuja kwa miguu yake. Sisemi mbwa anajua mambo ya makaburini. Nasema tu kwamba alikosewa, na aliyemkosea amekufa, na aliyeshika ncha ya pili ya waya ni mimi.

Nilimwambia Swaumu usiku ule tulipokuwa tunakula.

"Wifi, ule waya ni wa kaka yako."

Akaendelea kumega ugali. "Waya ni waya. Baiskeli ziko ngapi Handeni nzima?"

"Ganda la kijani liko moja."

"Sasa unataka kufanya nini? Umkamate mbwa mwitu, wewe ambaye hata gengeni hutoki?"

"Yeye anakuja. Mimi sihitaji kutoka."

"Na udhu wako?"

"Mbwa mkavu na mkono mkavu hapana najisi. Hilo tulifundishwa madrasa sote wawili, tena wewe ulikaa mbele yangu."

Swaumu akacheka kwa pua, akasema, "Haya, shehe wangu." Asubuhi yake niliona ameacha ukoko wa ugali juu ya mfuniko mbovu wa sufuria, akauweka dirishani bila kuniambia ni wa nani.

Basi tukaanza. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuwa na ujuzi wowote. Nilikuwa na siku nyingi tu. Mfuniko wenye ukoko niliuweka kwanza jivuni kabisa, nikarudi kukaa kwenye kigoda changu nimempa mgongo. Hakula mpaka nilipoingia ndani. Wiki iliyofuata akala nikiwa nimekaa. Baada ya hapo kila siku mbili tatu niliusogeza mfuniko hatua moja kuja kwangu, siku akikataa narudisha nyuma nusu hatua. Sikumwita. Nilichokuwa nafanya ni uradi wangu wa kila siku, kwa sauti ya chini, na nadhani ndiyo sauti aliyoizoea. Swaumu alipenda kuniambia kwamba mbwa wangu sasa amehitimu, anangoja apewe juzuu.

Jambo moja nililiona, na nililiona mapema. Kila alipofika karibu alianza na nguo. Ananyoosha shingo ile ya kidonda, ananusa upindo wa nguo yangu mara mbili, tatu, kisha ndipo anainamia mfuniko. Macho yake hayakuwa mazuri, moja lilikuwa na ukungu, na sikio moja lilikuwa limechanika na daima limejaa usaha. Pua ndiyo iliyokuwa nzima. Nguo zangu za eda zilikuwa mbili, za rangi moja zisizo maua, zikifuliwa na kuvaliwa kwa zamu. Nilioga kwa sabuni ya mche, sikupaka mafuta ya kunukia, sikujifukiza, kama inavyompasa mwenye eda. Kwa hiyo kwa miezi yote ile nilinukia kitu kimoja tu, moshi wa jikoni na mimi mwenyewe.

Mwezi wa tatu wa eda ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kitongoji cha pili mtoto wa darasa la pili alikuwa ameumwa na mbwa. Wazazi walimpaka jivu na chumvi wakadhani yameisha. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kuogopa maji, na akafa. Nilimlilia mtoto yule ambaye simjui. Mkutano wa kijiji ukaitwa, na nikasikia yaliyoamuliwa kutoka kwa Hiza, aliyekuja kusimama pale pale uani kwake, ila safari hii hakutania.

"Swaumu, mwambie Mama Shamimu. Chanjo ya mbwa itakuja, ni Jumanne ya tarehe ishirini na moja. Kila mwenye mbwa amlete kwa kamba, akichanjwa anafungwa uzi wa buluu. Jumatano yake asubuhi sisi wenye magobore tunapita. Asiye na uzi ndiye huyo."

"Amekusikia," Swaumu akasema.

"Sina ugomvi na mtu. Nina wajukuu wanne hapa wanacheza na kila kitu."

"Amekusikia, Hiza. Na hajasema una ugomvi."

Nikahesabu. Eda yangu ilikuwa inaisha Jumatatu ya tarehe ishirini, magharibi. Chanjo Jumanne. Nikaona Mungu amenipangia, tena amenibakishia usiku mmoja mzima.

Afisa mifugo wa kata, kijana anaitwa Deogratius, alipita nyumba kwa nyumba kuandika mbwa. Nilikaa nyuma ya pazia la mlango, Swaumu akawa mdomo wangu, ingawa baada ya muda mfupi nilichoka kusemewa nikasema mwenyewe kutoka huko ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemwona aliye jivuni?"

"Nimemwona. Nimeona na waya pia."

"Nikiukata mimi mwenyewe kwa plaizi?"

"Usithubutu mama, nakuomba. Ule umeshakula nyama. Ukiukata vibaya atavuja damu mpaka afe, au akuume wewe, na hatujui kama ni mzima. Umeanza kumshika?"

"Bado. Karibu."

Akafikiri. Nilimsikia anabonyeza bonyeza kalamu. "Tufanye hivi. Siku ya chanjo nitakuja hapa mwenyewe saa nne, kabla sijakwenda uwanjani. Nitakuja na dawa ya kumlaza. Wewe umshike tu, dakika moja, nimchome. Akishalala namchanja, naukata waya, namfunga uzi. Ila mimi siwezi kumkimbiza porini. Umshike wewe."

"Nitamshika."

"Na kama hashikiki mama?"

"Atashikika," Swaumu akamjibu, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anasema hivyo.

Tangu siku ile Swaumu naye aliingia kwenye kazi. Alikuwa anatenga vichwa vya dagaa. Alimfukuza kuku asimsumbue mgeni akiwa anakula. Alinitafutia kamba laini ya katani, akailaza siku tatu kwenye jivu la jikoni ili isinuke duka, jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria. Mbwa alikula miguuni kwangu. Wiki mbili baadaye nilimgusa mgongo, mkono mkavu juu ya manyoya makavu, akatetemeka mwili mzima kama ngozi ya ng'ombe ikituliwa na nzi, lakini hakuondoka. Siku kumi kabla ya eda kuisha nilimvisha kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, mbali na kidonda. Akasimama nayo. Nikaivua. Kesho yake nikamvisha tena, nikaivua. Kufikia Jumapili alikuwa anasimama mwenyewe kungoja, amenisogezea ubavu, kama mtoto anayesubiri kuvalishwa shati. Nikasema moyoni, Abdi, mambo yako yanakwisha.

Jumatatu magharibi eda ikaisha. Niliswali, nikalia kidogo, nikalala.

Jumanne asubuhi wanawake wakaja kunitoa. Walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Shamimu alikuwa amefika tangu jioni kutoka Kilole, na mfuko wake aliukumbatia kama una mayai. Ndani mlikuwa na doti mpya ya kanga, gauni, kichupa cha mafuta ya waridi, na udi mzuri, si ule wa vijiti. Walinipeleka bafuni, wakanimwagia maji huku wanasoma. Walinipaka mafuta kuanzia utosini. Swaumu mwenyewe ndiye aliyewasha mkaa kwenye chetezo. Alikuwa na furaha, uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu tumzike kaka yake.

"Panua miguu wifi, simama juu yake. Hivyo. Tanua nguo ushibe."

Udi ukapanda ndani ya gauni, ukatokea shingoni. Ilikuwa miezi minne na siku kumi sijanusa kitu kizuri mwilini mwangu. Nilifumba macho. Siwezi kudanganya, nilifurahi, na katika furaha ile mbwa sikumkumbuka hata kidogo. Nilijua jinsi anavyonusa kabla ya kuinamia mfuniko. Nilikuwa nimeliona kila siku. Na bado nilisimama pale juu ya moshi, nikamwambia Swaumu aongeze.

Nguo za eda zilichukuliwa hapo hapo. Bibi mmoja masikini kutoka ng'ambo ya mto alikuja kwa ajili hiyo, akapewa zote mbili kama ilivyo kawaida, akaomba dua, akaenda zake.

Saa nne Deogratius akafika na kiboksi chake. Wanawake wakaingia ndani ili uani kuwe kimya. Nilichukua kamba, nikachukua mfuniko wenye dagaa, nikatoka nyuma ya jiko. Mbwa alikuwa jivuni. Aliposikia uradi wangu alinyanyuka, akatingisha mkia mara moja, chini chini, kama alivyozoea, akaja. Alikuja vizuri tu. Deogratius alikuwa amejibana nyuma ya ukuta na sindano yake tayari, sikusikia hata pumzi yake.

Nikakaa kigodani. Mbwa akanyoosha shingo kunusa upindo.

Akapiga chafya. Akarudi nyuma hatua moja, akanitazama kwa lile jicho zima, akanusa hewani. Mimi nikaendelea na uradi. Akajaribu tena, masikini, aliitafuta ile sauti na aliyekuwa anaitoa, na havikukutana. Hapo nikafanya kosa la pili. Niliogopa saa zinakwenda, nikanyoosha mkono kumwekea kamba. Mkono uliotoka kwenye mafuta ya waridi. Akaachia mlio mdogo, si wa kutishia, wa kushtuka, akageuka akapita kwenye tundu la ua. Nilimwona akivuka mbaazi za Hiza, kichwa upande, mpaka akaingia porini.

Deogratius akatoka. "Nini tena mama? Si alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja."

Tulimngoja. Nilimwomba Shamimu pembeni amfuate yule bibi, arudi japo na nguo moja, akaenda mpaka mtoni akaambiwa bibi ameshapanda pikipiki. Deogratius alingoja zaidi ya saa nzima, na uwanjani watu walikuwa wamepanga mstari na mbwa wao wanagombana.

"Mama, mimi nikiandika kwamba amechanjwa na hakuchanjwa, nitakuwa nimeua mtu."

"Sikukuomba hivyo mwanangu. Ninaomba siku moja."

"Nitawaambia. Lakini hii ni ya mkutano, si ya kwangu."

Aliwaambia, najua aliwaambia, kwa sababu alirudi jioni na pikipiki kunieleza kwamba wamekataa. Baba wa yule mtoto alikuwepo pale uwanjani.

Shamimu alirudi Kilole mchana, ana kazi. Nyumba ikabaki mimi na Swaumu. Kabla ya magharibi nilioga kwa sabuni ya mche, nikajisugua kwa jivu, nikaoga tena. Swaumu akaniuliza naoga mara ya tatu kwa nini, nikamwambia nataka tu kuoga. Nilikaa jikoni kwenye moshi mpaka macho yakawa mekundu. Lakini udi mzuri hautoki kirahisi, na ule wa Shamimu ulikuwa mzuri sana. Ulikuwa kwenye nywele. Swaumu hakuwa amejua lolote. Alidhani mbwa aliona watu wengi. Sikumwambia.

Jumatano baada ya alfajiri nikatoka. Miezi minne na siku kumi sikuwa nimevuka ua ule, na mara ya kwanza kuuvuka ilikuwa ni kwenda kumtafuta mbwa. Nilipita shambani kwetu, ambako Swaumu na Mustapha walikuwa wamelima sehemu, sehemu nyingine ni majani matupu. Nilipita pale tulipotega. Nilikwenda mpaka kwenye korongo, nasoma uradi kwa sauti kama mwendawazimu, na umande umenilowesha mpaka magotini. Nilifurahia ule umande, nilitumaini utaniosha.

Mlio wa gobore niliusikia ukitoka nyuma yangu, upande wa nyumbani.

Sikukimbia. Nilijua hata nikikimbia sitafika kabla yake. Nilipoingia uani nilimkuta Hiza amesimama karibu na lundo la jivu, gobore limeelekea chini. Swaumu alikuwa mlangoni pa jiko, ameshika ufagio. Mbwa alikuwa amelala ubavu, mdomo bado uko juu ya mfuniko. Alikuwa amerudi kutafuta chakula chake mahali anapokijua, na Swaumu alikuwa amempa.

"Nilimwambia ni wetu," Swaumu akasema. "Nilimwambia, wifi."

Hiza akavua kofia. "Alisema. Nami nikamuuliza, amechanjwa?"

"Hakuchanjwa," nikasema.

"Nilitaka niwaite wengine waje wafanye wao. Kisha nikaona bora iwe mimi, nimpige mara moja asiteseke." Alitazama kofia yake. "Nimchukue nikamzike?"

"Nitamzika mimi. Niletee jembe tu."

Alileta jembe, akachimba mwenyewe, nyuma ya mbaazi zake, kwenye ardhi laini. Hakutania. Wakati anachimba mimi niliingia chumbani, kwenye sanduku la vyombo vya Abdi, nikatoa plaizi. Nilikaa chini jivuni. Nilimweka kichwa pajani, manyoya yamelowa damu, na safari hii sikujali kavu wala mbichi. Waya ulikuwa mgumu. Nyama ilikuwa imeufunika upande wa nyuma, ilibidi niufuate kwa kidole. Fundo lilikuwa upande wa kulia wa shingo, mizunguko mitatu, ile ya Abdi. Nilikata pembeni yake. Ulipotoka ulikuja mzima, duara, na shingo ikabaki na mfereji ambao kidole changu kilizama ndani yake.

Nikamwambia, kwa jina la Abdi na kwa jina langu, utusamehe. Sikujua neno jingine la kumwambia. Na hakuna aliyejibu kwamba amesamehe. Wale wawili walinywa chai wakasema. Hili halikusemwa na mtu, na halitasemwa mpaka Siku ya Malipo.

Tulimfukia. Hiza akaondoka na jembe lake, nami nikarudi uani nikachuchumaa kando ya ua ili ninawe. Mikono ilikuwa na damu na mate yake, kwa hiyo ni mara saba, na ya kwanza kwa udongo. Swaumu alileta ndoo na kopo. Akanimwagia ya kwanza, nikasugua udongo mpaka kwenye viwiko. Akanimwagia ya pili. Ya tatu. Alikuwa anahesabu kwa sauti, polepole, kama tunavyohesabu mbele ya watoto.

Baada ya ya nne akasimamisha kopo hewani.

"Wifi, nikuulize. Jana alikukimbia kwa nini? Jumapili alikusogezea ubavu nikiwa naangalia. Usiku kucha nimekuwa najiuliza. Watu walikuwa ndani, uani palikuwa kimya. Kitu gani kilimwingia?"

Ningeweza kusema sijui. Lilikuwa jambo la neno moja, angeamini, tungepika chai. Lakini miezi yote ile nilikuwa nimeishi na kosa ambalo mwenye kulitenda hakuambiwa akiwa hai, akaondoka nalo. Na Swaumu sasa ni ndugu yangu kuliko wa tumbo moja. Sikutaka kumwacha nje ya jambo ambalo mikono yetu wote imelishika.

"Alinusa udi," nikasema. "Hakunijua. Wewe hukujua, wifi. Mimi nilikuwa najua anavyonusa, na bado nilikuambia uongeze."

Alitazama mikono yangu iliyokuwa inachuruzika. Niliona anarudi nyuma moyoni, mkaa, chetezo, panua miguu wifi, ile furaha yake yote ya Jumanne. Midomo yake ilisogea kama anayetaka kuendelea kuhesabu.

Kisha akaliweka kopo chini, taratibu, lisimwage maji yaliyobaki ndani yake. Akachukua mtandio wake kwenye kamba ya nguo, akajifunika, akafungua lango la ua, akatoka, akaniacha na mara tatu sijamwagiwa.